"Kutiisha" na "Kutunza": Tahakiki ya Maneno ya Kitabu cha Mwanzo

Tangu Papa Fransisko alipotoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, mahubiri juu ya utunzaji wa dunia yamepata msingi mpya. Nia yake hatuitilii shaka. Tunalokusudia kupima hapa ni lugha yake, kwani muumini hulipokea fundisho kupitia maneno aliyopewa.

Tuanze na Mwanzo 1:28 katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Kitenzi "kutiisha" ni kauli ya kusababisha ya "tii". Anayetiishwa ni yule awezaye kuasi. Hivyo dunia inachorwa kama adui aliyeshindwa. Isitoshe, kinachotiishwa kimeitwa "nchi", neno ambalo msomaji wa leo hulielewa kwanza kuwa dola yenye mipaka na bendera. Katika 2:15 sauti hubadilika: binadamu anapewa "kulima" na "kutunza". Neno la Kiebrania lililofasiriwa "kulima" lina pia maana ya kutumikia, na maana hiyo haisikiki katika Kiswahili. Kadhalika, katika Kiebrania jina Adamu na neno la udongo, adama, ni ndugu. "Mwanadamu" wetu hana harufu ya udongo. Hata hivyo, "kutunza" ni uteuzi mzuri. Hutunzwa mtoto, mgonjwa na amana ya mwenzio.

Wahubiri wengi huliacha neno hilo lenye joto na kukimbilia "mazingira". Asili yake ni "kuzinga": ni yale yatuzungukayo, nasi tumesimama katikati. Waraka wenyewe unafundisha kinyume chake, kwamba sisi tu sehemu ya maumbile.

Je, huu ni ubishi wa wanaisimu tu? Tutazame Bihambwe, katika Masisi, jirani ya migodi ya Rubaya. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola. Katika vilima vya Masisi, penye msitu palipogeuzwa malisho, mwenye hati alipata ng'ombe na mkulima akabaki na kipande cha mteremko. Rubaya huchimbwa koltani, ambayo tantalamu yake huingia katika simu za ulimwengu mzima. Mwaka 2024 mji huo ulitwaliwa na M23. Mhubiri anaposema hapo kwamba "mwanadamu ameharibu dunia", sarufi yake inamweka mwenye jembe, mwenye hati, mwenye bunduki na mnunuzi wa mbali katika nomino moja ya umoja. Kosa la wachache linagawiwa wote, na fungu kubwa humwangukia aliyepo kanisani, ambaye huenda ni mkimbizi asiye na shamba la kulitunza.

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, mahubiri hayo yanapungukiwa na waraka yanaoutegemea, maana Laudato Si' haitenganishi kilio cha dunia na kilio cha maskini. Hatudai Biblia ifasiriwe upya kesho. Tunadai mhubiri, kabla ya kutamka "tutunze", aeleze kiambishi "tu-" kinamhusu nani, na kila mmoja anadaiwa kiasi gani. Amana haitunzwi na aliyenyang'anywa; kwanza arudishiwe.