Sifa ya Upatanisho

Msafiri atokaye Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita Idodi, na akifika mtoni humkuta mnyama ambaye jina lake la kitaalamu limebeba darasa zima la sarufi. Kiboko hushinda majini mchana kutwa, usiku akatoka kwenda kula majani nchi kavu. Kwa tabia hiyo Linnaeus, mwanachuoni wa Uswidi, alimwandika mwaka 1758 kuwa Hippopotamus amphibius, na hicho kivumishi amphibius asili yake ni Kiyunani, maana yake mwenye maisha ya namna mbili.

Huko kwao, kwa kuwa kiliungwa kwa maneno mawili, kivumishi hicho kilikuwa na miisho miwili tu: mmoja wa jinsia ya kiume na ya kike pamoja, na wa pili wa jinsia isiyo yoyote kati ya hizo. Kilatini kilikipokea, kisha, kwa ile kanuni ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kikakitwika miisho mitatu, -us, -a na -um, sawasawa na vya wenyeji. Ndiyo sababu mmea wa majini ulioitwa Polygonum amphibium, ulipohamishiwa jenasi ya Persicaria, haukuwa na budi kuitwa Persicaria amphibia.

Kiswahili kina ukarimu wa namna nyingine. Safi, ghali na laini, zilizotujia kutoka Kiarabu, zimekaa nasi dahari na hazijapewa jembe: mtu safi, kisu safi, maji safi. Kazi yote huachiwa wenyeji, nao huifanya kwa ustadi wa kustaajabisha. Mnyama yule, ijapokuwa jina lake laanza kwa ki-, ni kiboko mkubwa, na wenzake ni viboko wakubwa, kwa heshima ya uhai alio nao. Lakini mjeledi uliokatwa katika ngozi yake ni kiboko kikubwa, kwa kuwa roho imekwisha kutoka.

Mtoto wa Idodi, aliyenyonya Kihehe pamoja na maziwa, huja shuleni akiwa na ufundi huu wa ngeli tayari, asijue kuwa ni elimu. Mwalimu amwoneshaye utajiri wake kwa hoja kama hizi atamhitaji kiboko mkubwa wa mtoni. Kile kikubwa cha ukutani hatakuwa na haja nacho.