«Unataka ile ya kwanza ao ile ya mwisho?» Kusoma ripoti za wahami na jicho la mtu wa kilimo

Wandugu, leo sitaandika juu ya kitabu wala filamu. Nataka tusome pamoja aina moja ya maandishi ambayo sisi watu wa Goma tuko ndani yake kila mwezi, lakini hatuyasomi: ripoti zinazofuata mienendo ya wahami wa vita, wale tunaowaita badeplase. Mnazijua. Ramani ya Kivu Kaskazini, mishale inayotoka Masisi na Rutshuru kuja kwetu, duara kubwa juu ya Goma, na jedwali chini. Tunaangalia namba kubwa ya juu, tunasema «eh, batu ni wengi», tunafunga simu.

Ripoti zinazojulikana zaidi ni za OIM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Njia yao inaitwa DTM, na ilianzia Irak mwaka 2004. Kwetu, hesabu yao iliyozunguka dunia nzima ni ile ya mwisho wa Oktoba 2023: wahami milioni 6,9 katika RDC, milioni 5,6 kati yao wakiwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini, Ituri na Tanganyika.

Nianze na uzuri, juu ukosoaji si matusi. Ile ripoti ilisema kwamba karibu milioni 4,8 ya wale wahami hawakuwa kambini bali ndani ya jamaa zilizowapokea. Fikirieni. Kamera zote zilikuwa zinaenda Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, kwenye bashi nyeupe juu ya mawe ya volkano. Kumbe wengi walikuwa wanalala chini kwenye saluni ya shangazi, watu kumi na nne katika nyumba ya vyumba viwili. Bila mtu wa kuhesabu kijiji kwa kijiji, hakuna angejua. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie hapa kwamba nadharau kazi ya kuhesabu.

Shida yangu iko kwenye neno moja: «sababu kuu». Kila ripoti ya namna hii inalo. Watu walihama, sababu kuu: mapigano. Walihama, sababu kuu: janga la asili. Namna inavyofanyika ni rahisi. Mwenye kuhesabu anafika mahali, anakaa na watu wenye kujua habari za pale: shefu wa kijiji, mwakilishi wa wahami, muuguzi, mwalimu. Wanakadiria jamaa ngapi zimefika, zimetoka wapi, lini, kwa nini. Watu mia tatu wanapata sababu moja, iliyosemwa na mzee mmoja chini ya mti.

Mimi nimefanya kazi inayofanana na hiyo. Mwaka 2023, nikiwa na lisansi yangu ya kilimo na bila kazi, nilikaa miezi michache nikikusanya habari kwa shirika moja ambalo sitalitaja. Tulikuwa na tableti na orodha ya maswali. Siku moja, kambini, nilimuuliza mama mmoja wa upande wa Karuba:

«Mama, nini njo ilikutosha kwenu?»

Akaniangalia. «Mutoto yangu, unataka ile ya kwanza ao ile ya mwisho?»

Nikacheka kidogo, kwa haya. Yeye hakucheka. Akahesabu kwa vidole. Kwanza, kwa bariere walianza kumukata maharagi kila mara alipopeleka soko Sake, hadi akaona kulima ni kulimia wengine. Kisha ng'ombe za mkubwa fulani zikaingizwa katika shamba yake ya muhindi, na hakukuwa tena mtu wa kushitakia. Kisha bwana yake akakamatwa kubeba mizigo siku mbili, akarudi mgonjwa. Kisha, mwisho kabisa, mabomu. «Siku ya bomu nilikuwa nimekwisha kufunga vitu tangu zamani», akasema. «Bomu ilinikuta kwa mulango.»

Nikabonyeza: mapigano ya silaha. Tableti haikukubali vidole vinne.

Tangu siku ile, nikisoma «sababu kuu», nauliza: kuu kwa nani? Kwa mwenye kuhesabu, kuu ni ile ya mwisho, yenye kelele. Kwa yule mama, kuu ilikuwa ya kwanza, juu hiyo ndiyo itaamua kama atarudi. Mabomu yanaweza kunyamaza kesho. Bariere inabaki. Ng'ombe wanabaki. Masisi ni nchi ya ugomvi wa ardhi tangu kabla sisi hatujazaliwa, kati ya wenye mashamba makubwa ya malisho na wenye kulima vipande vidogo. Ukiandika «mapigano» tu, unafanya kama historia yote ile ilianza Novemba 2021, M23 waliporudi vitani.

Sasa nije kwa jambo ambalo mtu wa kilimo analiona haraka kuliko mwengine. Katika zile jedwali kuna tarehe, lakini hakuna majira. Huku kwetu kuna saizoni A, unapanda Septemba na Oktoba, unavuna kuelekea Januari. Kuna saizoni B, unapanda Februari hadi mwanzo wa Machi, unavuna Juni. Sasa chukueni tarehe za vita mziweke kando ya hizo. Mwisho wa Oktoba 2022, Rutshuru-centre na Kiwanja vinaanguka, barabara nzima inamiminika Kanyaruchinya: maharagi yaliyopandwa Septemba yalikuwa karibu kutoa maua. Mwanzo wa Februari 2024, Sake inakimbia kuja Goma: jembe lilikuwa limeshikwa, mbegu iko tayari katika kikapu. Ni jamaa ileile, lakini hasara si ileile. Wa kwanza amepoteza mavuno. Wa pili amebeba mbegu kichwani, na ataila hapa Goma ndani ya wiki mbili. Kwenye ripoti wote wawili ni kitu kimoja, na wote wawili, kama wana bahati, watapewa bashi na unga.

Halafu mshale. Ramani inachora mshale mmoja: Kibumba kuelekea Kanyaruchinya. Lakini sisi tuliokuwa tunapita ile njia tuliona akina mama wanaopanda asubuhi na jembe na wanaoshuka na viazi vitamu mgongoni. Watoto kambini, shamba kule juu, na miguu katikati. Mtu akilala kule siku tano, shefu anamuandika kama amerudi. Akishuka tena, mwengine anamuandika kama mhami mpya. Huyo si mhami mpya, ni mkulima anayeenda kazini kwa njia ndefu yenye hatari. Wanaoandika hizo ripoti wanalijua hilo, hata wana jina lake, mienendo ya kwenda na kurudi, lakini linaishia katika maelezo madogo ya chini. Namba ya juu haliigusi.

Tulipaswa kulielewa hili tangu 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 mitaa kumi ya Goma ikaambiwa iondoke. Sababu kuu ya kuondoka: volkano, sawa kabisa. Lakini wengi walianza kurudi kabla ya ruhusa, ardhi bado inatetemeka. Volkano haikuwa imewaambia «rudini». Ni njaa ya Sake, maji, na wezi katika nyumba zilizoachwa. Kila mmoja wetu anakumbuka kilichomrudisha.

Na hapo ndipo neno linaloniumiza zaidi: «waliorudi». Mwanzo wa Februari 2025, siku chache baada ya Goma kubadilisha mikono, wahami wa Bulengo na kambi zingine waliambiwa wana masaa 72. Sitaingia katika mjadala wa nani alisema nini na kama ilikuwa kwa hiari. Page hii inasomwa na wengi. Nasema tu tulichoona: watu wanavunja bashi zao, wanapanga mbao na sufuria juu ya chukudu, barabara ya Sake imejaa. Katika ripoti za miezi iliyofuata, umati ule ukaingia katika safu nyingine. Haukuwa tena wahami. Ukawa waliorudi.

Sasa tazameni kalenda. Februari ni mwezi wa kupanda saizoni B. Kwa macho ya mtu wa ofisini, wamefika kwa wakati mzuri. Lakini kupanda na nini? Kwa maharagi mafupi tunahesabu kilo 60 hadi 100 ya mbegu kwa hekta, kufuatana na ukubwa wa mbegu. Tuseme mama ana robo ya hekta: anahitaji kilo 15 hadi 25. Amekaa kambini mwaka mzima ao miwili, jembe ameliuza, mbegu ameila. Anakuta nyumba bila mabati, na wakati mwengine mtu mwengine ndani ya shamba yake. Asipopanda kabla ya katikati ya Machi, hana mavuno ya Juni. Huyo «amerudi» wapi? Anafutwa kwenye orodha ya wenye kuhitaji kambini wiki ileile ambayo hitaji lake limekuwa kubwa zaidi.

Rafiki yangu mmoja, mwenye kazi nzuri katika mambo haya, alinipinga vikali. Aliniambia: «We, wakati watu elfu kumi wanafika usiku, hatuandiki riwaya, tunahesabu ili maji yafike.» Ana haki, na maji yalifika. Lakini mimi siombi riwaya. Naomba maswali mawili, na tableti ina nafasi: ulikuwa umepanda ao umevuna siku ulipoondoka? Na leo nani analima shamba yako? Shefu wa kijiji anaweza kujibu yote mawili kabla chai haijapoa. La pili linatisha, najua. Pengine njo maana haliulizwi.

Mimi nimeanza daftari yangu: upande mmoja tarehe za ripoti, upande mwengine tarehe za kupanda. Inakosa mengi. Wenzangu wa kilimo mlioko Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, mniandikie kwa inbox, bila jina la mtu wala la kijiji: saizoni B ya 2025, kwenu nani alipanda, alipanda nini, na mbegu ilitoka wapi?