Karibu ya Kamusi Elezo: Uhakiki wa Makala ya Issuna

Kata ya Issuna imo katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Manyoni. Katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003 na kuandikwa na watu wa kujitolea, kata hii inayo makala yake. Ni makala fupi mno. Yataja wilaya na mkoa, namba ya posta na hesabu ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Kisha yafuata majina ya kata nyingine za wilaya hiyo. Hapana neno juu ya watu wenyewe, wala juu ya lugha yao ya Kirimi, yaani Kinyaturu. Makala nyingi za kata za Tanzania zimefinyangwa kwa kalibu hiyo hiyo, wala si haki kumlaumu aliyezifinyanga, kwa kuwa pasipo kazi yake Issuna isingalikuwamo kabisa.

Linalostahili kuhakikiwa zaidi ni tangazo dogo lililowekwa chini ya makala. Tangazo hilo laeleza kwamba makala bado ni mbegu, lamwuliza msomaji kama ajua lolote juu ya mahali hapo, au kama ameona habari katika Wikipedia ya Kiingereza au ya lugha nyingine zifaazo kutafsiriwa, kisha lamwomba aongeze. Kwa mzaliwa wa Issuna atafutaye jina la kwao, hayo ndiyo makaribisho ya kwanza. Yafaa basi yasomwe kwa makini, kama yasomwavyo maandishi mengine.

Neno mbegu ni chaguo zuri. Neno la Kiingereza lililo mahali pake lina maana ya kisiki au kipande kilichobaki baada ya kitu kukatwa. Kiswahili kimeliacha hilo na kushika neno la mkulima. Kisiki hakimwiti mtu, bali mbegu hungoja mtu wa kuipanda na kuipalilia.

Ila swali lifuatalo lina kasoro. Msomaji anaulizwa kama ajua, naye kwa hakika anajua. Tuseme ni kijana wa sekondari, akaandika jinsi bibi yake alivyomweleza asili ya jina la kijiji. Siku ya pili maneno yake yamekwisha ondolewa kwa kuwa hayana chanzo, kwani sheria ya Wikipedia haikubali utafiti mpya wala habari isiyopata kuchapishwa mahali pa kuaminika. Sheria hiyo si mbaya. Pasipo hiyo, kila mwenye ugomvi wa mpaka au wa ukoo angeandika historia apendavyo. Kasoro ni kwamba anayeita na anayehukumu hawasemi neno moja. Tangazo lauliza, “Wajua nini?” Sheria yauliza, “Nani ameliandika?” Kijana hupata kujua tofauti ya maswali hayo mawili baada ya kazi yake kufutwa, na mara nyingi harudi.

Kumwelekeza kwenye Kiingereza nako hakumfai. Juu ya kata kama Issuna huko nako hakuna mengi, na tena humfundisha mgeni kwamba maarifa hutoka nje na kazi yake ni kuyageuza tu. Wenyeji wa kamusi wanajua vema madhara ya tafsiri za mashine, sentensi zenye maneno ya Kiswahili na mifupa ya Kiingereza. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano ya uandishi kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala zikaingia kwa wingi, na wenyeji wakaachiwa kazi ya kusafisha. Mtu aliyepata taabu ile hawezi kulaumiwa sana akimtazama mgeni kwa jicho la shaka.

Istilahi za ukurasa nazo humtega mgeni. Ameambiwa alete chanzo. Juu ya ukurasa anaona maneno “Hariri chanzo”. Anabonyeza, na mbele yake yafunguka mabano na alama asizozielewa, kwa kuwa chanzo hapa maana yake ni maandishi ghafi ya programu. Marejeo anayoyatafuta huenda yakawa chini ya kichwa cha “Tanbihi”. Anakutana na “Jamii”, akadhani ni watu, kumbe ni fungu la makala. Anasikia habari za mkabidhi, akadhani ni mtu wa kumpa kazi mkononi, kumbe ni mwenye mamlaka ya kufuta na kufunga. Kila neno peke yake laweza kutetewa, lakini mgeni hukutana nayo yote siku moja.

Kisha huja salamu rasmi katika ukurasa wake wa majadiliano, iliyoandikwa zamani kwa ajili ya watu wote. Katika desturi ya Waswahili neno karibu hujibu hodi, na baada yake huulizwa habari za utokako. Karibu hii haiulizi neno, na aliyeibandika pengine hayupo tena. Mgeni hupewa jembe siku ya kwanza, lakini haonyeshwi shamba.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Kundi la Jenga Wikipedia ya Kiswahili hukusanya vijana na kuwafundisha ana kwa ana, na hilo lafaa kuliko vigezo vyote vya makaribisho. Jawabu la mistari miwili nalo lingetosha mara nyingi. Kijana aliyeandika habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, angeambiwa kwamba Marguerite Jellicoe alichapisha makala juu ya upinzani wa Waturu mwaka 1969 katika Tanzania Notes and Records, na kwamba kitabu cha Harold Schneider juu ya Wanyaturu wa Wahi kilitoka mwaka 1970. Habari za bibi yake hazingeingia zote, ila angejua pa kuanzia.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisoma miswada kabla haijachapishwa. Mwandishi alirudishiwa kazi yake kabla ya watu kuiona. Wikipedia hutangaza kwanza na kusahihisha baadaye, hadharani. Kwa hiyo adabu ya msahihishaji ina uzito zaidi sasa kuliko wakati ule, wala haikuandikwa kwa urefu kama zilivyoandikwa kanuni za marejeo.

Kazi ya kuanzia haikosekani. Makala yaandika Issuna kwa s mbili. Hati za barabara mara nyingi huandika Isuna kwa s moja, kama ipasavyo tahajia sanifu. Ushahidi wa maandishi uko pande zote mbili, nayo makala hailitaji jambo hilo.