Gugu Maji la Ziwa Nyasa Linazuiwa Milimani Mbinga

Gugu maji likizungumzwa, watu hufikiria boti, reki, na vijana waliozama hadi kiunoni wakivuta mashina. Kwa upande wa Ziwa Nyasa ulio mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, hoja yangu ni kwamba kazi kubwa ya kulizuia inafanyika mbali na maji, kwenye miteremko ya Umatengo wilayani Mbinga, na kwamba chuo kikuu kilichokwenda huko kuchunguza kilimo kilikuwa kinalilinda ziwa la nchi tatu hata kama mradi wake haukuitwa hivyo. Gugu hili, lenye asili ya bonde la Amazon, hunenepa kwa naitrojeni na fosforasi. Ziwa Nyasa ni kubwa, lenye kina kirefu, na maji yake ya juu yana virutubisho haba. Ndiyo maana gugu lililosumbua mto Shire nchini Malawi tangu miaka ya 1960 halijaufunika uso wa ziwa lenyewe. Ulinzi huo wa asili hupungua kila udongo wenye mbolea unaposhuka na mvua, hasa midomoni mwa mito na kwenye ghuba zilizotulia.

Tazama Ziwa Victoria. Kati ya 1995 na 1997 Uganda, Kenya na Tanzania ziliachia fukusi wa jenasi Neochetina, na Malawi ikawaleta Shire katika miaka hiyohiyo. Mdudu huyu hukwangua jani, na funza wake hutoboa shina la jani hadi kwenye kitovu cha mmea, kisha hujigeuza bundo kwenye mizizi chini ya maji. Mmea hulowa, huoza, huzama. Kabla ya kuachiwa hujaribiwa kwenye mimea mingine, mazao yakiwemo, mpaka ithibitike kwamba hawezi kuishi bila gugu. Kazi ilifanikiwa, ikisaidiwa na mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya 1997/98. Lakini katika ghuba ya Winam gugu lilirudi baada ya mvua kubwa za 2006, kwa kuwa mito ilikuwa bado inaleta chakula chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, wamekutana na ugumu huohuo katika bwawa la Hartbeespoort, ambako maji yamejaa virutubisho na inabidi wadudu waachiwe kwa wingi tena na tena. Fukusi ni tiba nzuri, ila hashindani na mto unaomlisha adui yake kila masika.

Ndipo Mbinga inapoingia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kyoto, kilichunguza kilimo cha Wamatengo kuanzia 1994, na mwaka 1999 kikaanza mradi wa miaka mitano wa maendeleo vijijini. Walichokikuta ni ngolo. Mvua zinapoelekea kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo huo. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, maharage yakipandwa kwanza, mahindi yakifuata. Mvua huingia shimoni, tope hutulia humo, nyasi zilizofukiwa huwa mbolea. Katika kijiji cha Kindimba mradi ulishirikiana na wananchi kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji, na kutunza chanzo cha mto kukawa na faida inayoonekana. Hapo ndipo ninapoona ustadi wa chuo: kilianzia kwenye ujuzi uliokuwepo.

Kuna atakayesema ngolo inachosha, na mzigo unawaangukia akina mama. Ni kweli, na ni sababu ya kutafuta namna ya kuupunguza, kwa kuwa shamba la mteremkoni lisilo na kizuizi huipeleka mbolea ya mkulima majini. Wengine watauliza ushirikiano utawezekanaje wakati Tanzania na Malawi bado zinabishania mpaka unaotokana na mkataba wa 1890, mgogoro ambao Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji, aliongoza usuluhishi wake. Jibu langu ni kwamba kupima fosforasi mdomoni mwa mto Ruhuhu hakumpi mtu yeyote kipande cha ziwa. Serikali mbili zinazobishana zinaweza kukubali takwimu moja iliyopimwa kwa njia moja, na vyuo ndivyo vinavyoweza kuitoa bila kudai mamlaka. Sokoine, Mzuzu wa Malawi na Lúrio wa Msumbiji wanafundisha kilimo, misitu au uvuvi. Waanze kupima mito yote inayoingia ziwani kwa ratiba moja, wabadilishane matokeo, na Halmashauri za Mbinga na Nyasa ziwapatie maofisa ugani wa kwenda nao mashambani kabla gugu halijaota Mbamba Bay.