Lori Kuukuu na Mkono wa Mfufuaji

Gari la mfalme hutunzwa tangu siku linapotoka kiwandani. Lori halitunzwi na mtu. Lilinunuliwa lichukue mizigo, na lilipokuwa haliwezi kuichukua tena liliuzwa kwa uzito wa chuma chake. Kwa hiyo lori la miaka ya 1910 au 1920 lililosalia hata leo katika Uingereza limesalia kwa bahati, na aghalabu bahati hiyo ilikuwa ni kugeuzwa kitu kingine: banda la kuku, nyumba ya kuhamahama ya wenye bembea za maonyesho, winchi ya gereji ya kuvutia magari yaliyokwama, au injini ya kuendeshea msumeno wa magogo. Wapenzi wa magari haya walianzisha chama chao mwaka 1958, na mwaka 1962 wakaanza msafara wao wa kutoka London mpaka Brighton. Mwaka 1983 jumba la makumbusho la magari ya biashara likafunguliwa katika mji wa Leyland, Lancashire. Hivyo ufufuaji wa malori umekwisha kuwa sanaa yenye mila, wafuasi na vipimo vyake vya uzuri. Kilichokosekana ni uhakiki. Kazi hizi husifiwa kwa mng'ao wa rangi na kwa saa zilizotumika kuzifanya, nazo ni sifa za jasho. Ni nadra kuulizwa kama kilichofanywa ni kweli.

Kutafuta lori ni sehemu ya kazi isiyopewa heshima yake, na pengine ndiyo iliyo bora. Mtafutaji hana budi kuwa msomaji wa maandiko kabla ya kuwa fundi. Husoma namba iliyogongwa katika chasisi, huilinganisha na daftari za kiwanda, kisha huiendea daftari ya wilaya, kwa maana kila gari la Uingereza lilipaswa kuandikishwa tangu mwaka 1904. Katika miaka ya 1970 uandikishaji ulipokusanywa mahali pamoja, daftari nyingi za wilaya zilitupwa, na zilizookolewa zimo katika hifadhi za kumbukumbu hapa na pale. Mengine yalipatikana mbali zaidi, katika Australia, ambako malori ya Kiingereza yaliuzwa kwa wingi na ambako hewa kavu ya bara haili chuma kama inavyokila mvua ya Lancashire. Chasisi ikaonekana huko katika shamba la ngano, sanduku la gia likaonekana kwingine, na radieta ikatoka ghalani mwa mtu asiyejua alichokuwa nacho. Hata hapo kibanda cha dereva hakipo, kwa kuwa vibanda vya siku zile vilijengwa kwa mbao, na mbao huoza.

Hapa ndipo mkono wa mfufuaji unapoanza kusema mambo ambayo lori halikusema. Kibanda huchongwa upya kwa kufuata picha, na picha ina hila zake. Sahani nyingi za picha za zamani hazikuona wekundu: rangi nyekundu ilitoka kama nyeusi, na samawati ikatoka kama nyeupe. Mtu asiyejua jambo hili hutazama picha ya lori jekundu la mtengeneza pombe akalipaka rangi nyeusi, akiamini kwamba amefuata ushahidi. Afadhali yake aliyefuata ushahidi vibaya kuliko yule asiyeufuata kabisa, ambaye huandika ubavuni, kwa herufi za dhahabu, jina la kampuni ambayo lori lile halikuitumikia hata siku moja, kwa sababu tu herufi zake ni nzuri. Mfufuaji mwenye subira hukwangua chini ya kipande cha chuma kilichofungwa na skrubu tangu zamani, mahali ambapo jua na brashi havikufika, akahesabu tabaka za rangi moja baada ya moja. Mara nyingi hukuta rangi tano au sita, na hapo swali gumu humkabili: ipi katika hizo ni rangi ya lori?

Desturi hujibu kwamba ni ile ya kwanza. Jibu hilo limekubaliwa kwa wepesi mno. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 kiwanda cha Leyland kiliunda malori karibu 6,000 kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza. Vita vilipokwisha malori hayo, yamechakaa, yalikuwa yakimwagika sokoni kwa bei ya kutupa. Kiwanda kikahofu kuwa jina lake litaharibika, kikayanunua tena kwa maelfu, kikayapeleka Ham karibu na Kingston, kikayafungua hata skrubu ya mwisho, kikayaunda upya na kuyauza kwa dhamana. Basi lori la namna hiyo lilikuwa limekwisha kufufuliwa mara moja, na waliolifufua ni wale wale waliolizaa. Anayelirudisha leo katika hali ya vita, kwa rangi ya kijeshi, anafuta kazi ya mafundi wa Ham ili apate kuonyesha kazi ya mafundi wa Leyland. Na anayefanya kinyume chake naye anafuta. Hakuna njia isiyo na hasara, lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeijua hasara yake na mtu anayeiita uaminifu.

Mfano ulio wazi zaidi ni lori kubwa la Scammell la tani 100. Yaliundwa mawili tu, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya mizigo mizito mno. Lilikokota vichwa vya gari la moshi barabarani kwenda bandarini kwa mwendo wa pole, na nyuma kabisa ya tela aliketi mtu wa pili akiongoza magurudumu ya huko. Moja, lenye namba KD 9168, limo katika makumbusho ya Leyland. Lilizaliwa na injini ya petroli. Likiwa kazini likatiwa injini ya dizeli ya Gardner. Mwenye kuabudu asili angeitoa Gardner akatafuta au akasubu injini ya petroli mfano wa ile ya kwanza. Lakini injini ya petroli ilishindwa katika ushindani wa maisha. Dizeli ndiyo iliyolipa lori lile umri. Kuitoa kungekuwa kumrudisha mzee utotoni kwa kumnyang'anya kazi aliyoifanya. Lori limebaki na Gardner yake, na uamuzi huo una thamani kuliko rangi yoyote.

Serikali nayo ilikuwa na falsafa yake, ingawa haikuiita hivyo. Kwa miaka mingi ofisi ya uandikishaji ya Uingereza, ilipopima gari lililobadilishwa sana, ilihesabu alama: chasisi ya asili ilipata 5, injini 1 tu, na viungo vingine kama ekseli na usukani 2 kila kimoja, gari lilihitaji alama 8 ili libaki na namba yake. Kibanda hakikutajwa. Kwa hesabu hiyo roho ya lori imo katika vyuma viwili virefu visivyotazamwa na mtu, wala haimo mahali dereva alipokaa na kutetemeka kwa baridi miaka ishirini. Hesabu hii ni ya kukinga wizi na udanganyifu, na kwa hilo inafaa; ila wafufuaji wengi wameichukua kana kwamba ni hukumu ya sanaa.

Msomi wa Kiswahili hatakuwa mgeni katika mabishano haya. Miswada ya tenzi ambayo J. W. T. Allen aliikusanya pwani katika miaka ya 1960, na ambayo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliipokea, ilikuwa imepita katika mikono ya wanakili waliosahihisha, waliosahau na waliojazia. Mhariri anayetunga mstari uliopotea bila kutia alama hamsaidii mshairi. Anajiingiza kaburini mwake. Wajenzi walikwisha kuliona hili: mkataba wa Venice wa mwaka 1964 juu ya majengo ya kale unataka kazi ikome pale dhana inapoanza, na kwamba kiungo kipya kipatane na jengo lakini kiweze kutambulikana. Wenye magari ya kale walijiandikia mkataba wao wa namna hiyo, ule wa Turin wa mwaka 2012. Wengi wa wale wanaofufua malori kwa jioni zao na kwa fedha zao hufuata zaidi macho ya watazamaji wa Brighton.

Walakini haki yataka upande wao nao usikiwe. Mswada uliotiwa kabatini bado ni mswada. Lori lisilokwenda ni nusu ya lori, kwa maana sauti, harufu na uzito wa usukani havisomwi katika daftari. Lori la mvuke la Sentinel, lililoundwa Shrewsbury, haliwezi kuwashwa moto kwa bwela iliyoliwa na kutu, hata kama bwela hiyo ndiyo ya asili, ila kwa kuhatarisha maisha ya watu. Bwela mpya hapo si uongo, mradi tarehe yake igongwe juu yake kwa herufi za kuonekana.

Wako mafundi wachache wanaokwenda hatua moja zaidi. Wakikuta ubao mmoja wa ubavuni uliosalimika chini ya paa la banda la kuku, wenye herufi za mchukuzi zilizofifia na tundu lililotobolewa na mwenye kuku, hawaupaki rangi. Huuosha, huupaka vanishi nyembamba, na kuurudisha mahali pake katikati ya mbao mpya, tundu likiwamo.