Programu ya Mizabibu Inayofuata Kalenda ya California

Ukisikiliza sifa za kilimo cha kidijitali cha mizabibu, utadhani kazi imekwisha: setilaiti inaangalia majani, programu inahesabu joto, wewe unasubiri simu ikuambie lini uvune. Teknolojia yenyewe si uongo. Shida ni kwamba programu hubeba kalenda ya mahali ilikotengenezwa, halafu tunaipeleka Dodoma vilevile ilivyo.

Tuanze na joto. Programu nyingi hutumia hesabu iliyopata umaarufu kwa kazi ya Amerine na Winkler wa Chuo Kikuu cha California, mwaka 1944. Chukua wastani wa joto la siku, toa 10, kisha jumlisha kila siku. Siku ya nyuzijoto 23 inaongeza 13. Hesabu inaanza Aprili 1 hadi Oktoba 31, kwa sababu kule mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka masika.

Sasa niambie, mzabibu wa Dodoma unalala lini? Haulali. Mkulima ndiye anayeuanzishia msimu kwa mkasi wa kupogolea, na anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hesabu inayoanza Aprili 1 itajumlisha joto la misimu miwili kama vile ni mmoja. Na kukosea siku ya kuvuna si jambo dogo: zabibu si embe, ukishaichuma haiendelei kuiva. Sukari iliyopungua imepungua, na anayebeba hasara ni mkulima.

Upande wa setilaiti, Sentinel-2 inatoa picha bure, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nukta moja ya picha zake zilizo kali zaidi ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari moja ina nukta kama 40 tu. Mistari ikiachana mita 2.5, nukta moja inameza mistari minne pamoja na udongo na magugu ya katikati. Ukijani unaouona unaweza kuwa wa magugu! Ramani hiyo inafaa kukuonyesha kona ya kwenda kukagua. Sukari ya zabibu haiioni kabisa. Hiyo bado inapimwa kwa tone la juisi kwenye kipima sukari cha mkononi.

Kwa hiyo tusiitupe teknolojia, tuibane. Kabla hujalipia programu yoyote, muulize muuzaji maswali mawili: je, naweza kuanza hesabu siku niliyopogoa? Je, inakubali misimu miwili kwa mwaka? Akianza kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Wakati huohuo, andika tarehe ya kupogoa, siku za mvua na kipimo cha sukari, hata kwenye daftari la shule. Bila kumbukumbu hizo, hakuna programu itakayolijua shamba lako.