Steki ya Mchana mjini Atlanta

Katika mkahawa mmoja wa steki mjini Atlanta, wa aina ile ya Kusini mwa Marekani isiyomtaka mtu avae tai wala isiyotandika kitambaa cheupe mezani, niliketi adhuhuri mahali ambapo jiko laonekana wazi, nikamtazama mpishi kwa makini, kwa kuwa mimi niliyezoea kungoja nyama choma saa nzima na zaidi nilistaajabu kuona sahani zikitoka kwa haraka namna ile.

Haraka hiyo asili yake ni ng'ombe mwenyewe. Sarara na nyama ya mbavu hutoka mgongoni, ambako misuli haifanyi kazi nzito, basi hazina kano nyingi za kulainishwa kwa moto wa polepole kama mguu wa mbuzi wetu. Dakika chache zatosha, na kuzizidisha ni kuidhulumu nyama.

Mpishi alitwaa kipande chenye unene wa vidole viwili, akakifuta maji kwa kitambaa, akakitia chumvi na pilipili manga, kisha akakilaza juu ya bamba la chuma lililopata moto barabara. Kule kufuta maji ndiko ninakokuhesabu kuwa roho ya kazi yote: maji yakichemka hayapiti nyuzi 100, na maadamu yamo usoni mwa nyama, nyama hutokota tu na kupiga kijivu, ilhali ukoko ule wa hudhurungi, ndugu wa ukoko wa wali, hautokei vema mpaka joto lipite yapata nyuzi 140. Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeeleza mwaka 1912 jinsi sukari na asidi amino zinavyoungana kwa joto na kuzaa rangi hiyo. Wengi hudai kwamba ukoko huziba nyama mchuzi usitoke. Sivyo, kwani mlio ule tuusikiao chumani ni maji yatokayo. Wala wekundu wa ndani, unaowatia karaha watu wa kwetu, si damu, bali ni mayoglobini, protini ya misuli.

Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri steki ifike nyuzi 63, kisha ipumzishwe dakika 3. Dakika hizo sikupewa: kisu kilipopita tu, mchuzi ulitiririka hadi kwenye kiazi cha kuoka, siagi yake ikageuka waridi. Nikaweka kisu chini, nikanywa chai yao baridi yenye sukari tele, taratibu, na nilipokata tena, mchuzi uliotoka haukufika kwenye kiazi.